Mwosha Haoni

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi Pyo Bongnim alikuwa ameshamaliza kusugua watu wawili. Alimwaga beseni la maji ya moto juu ya kitanda cha plastiki ya waridi, akakipangusa kwa kiganja, akachomeka tena mkono ndani ya kitambaa chake cha kijani, kile kigumu kinachong'oa taka hata za mwaka juzi. Kisha akaita namba iliyoandikwa kwenye ufunguo wa mteja.

"Thelathini na moja. Njoo ulale, dada mkubwa."

Thelathini na moja alikuwa Bibi Gwak. Miaka kumi na minane sasa, kila Jumatatu, alikuwa anakuja kusuguliwa na Bongnim na hakubali mwingine amguse. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mjane asiye na mtoto, ana duka la mizizi ya dawa mtaa wa pili kutoka hapo, na mdomo wake haukupumzika hata akiwa ndani ya maji.

"Umeona tangazo mlangoni?" alianza kabla hata ya kulaza kichwa. "Elfu kumi na moja kuoga. Kuoga tu, hata mgongo hujaguswa. Eti gesi imepanda. Na chumba cha mvuke wamekifunga. Sasa hiyo gesi mwenye bafu wenu, Mama Ryu, anapikia nini?"

"Anapika wateja," Bongnim alisema.

Bibi Gwak alicheka mpaka tumbo likatikisika. Bongnim akaanza shingoni, akashuka mabegani, akaenda kwapani, kwa mikono miwili, kwa uzito wa mwili mzima, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na sita katika bafu hilihili la umma la mjini Jecheon. Vijiuchafu vya kijivu vilijikunja kwenye ngozi na kuanguka. Alikuwa amevaa sidiria na chupi nyeusi, sare ya wasuguaji wote, mbichi tangu mlango ulipofunguliwa, na zingekuwa mbichi mpaka mlango ufungwe. Alisimama upande upande, mguu mmoja mbali na mwingine. Waliomuuliza aliwaambia goti. Halikuwa goti.

Alipiga viganja mara mbili, pwa, pwa, Bibi Gwak akageuka ubavu. Akapiga tena, akalala chali. Bongnim akamnyanyua goti la kulia, akalisogeza pembeni ili asugue paja kwa ndani, na hapo mkono wake ukasimama.

Aliyaona yale mashavu mawili ya huko chini, na ngozi yake ilikuwa imepauka, nyeupe, nyembamba, inang'aa kama karatasi iliyochakaa ya milango ya kizamani. Pembeni palikuwa na alama za kucha. Mtu alikuwa anajikuna hapo usiku, tena si usiku mmoja.

Si kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. Alikuwa ameiona mwaka jana, kabla ya sikukuu ya mavuno. Ila mwaka jana hakujua anachokitazama. Sasa alijua, kwa sababu siku kumi zilizopita muuguzi wa hospitali kubwa alimpa yeye mwenyewe kioo kidogo cha mkono na kumwambia, "Jitazame, mama, uone daktari anazungumzia nini." Katika miaka sitini na mitatu ya kuishi, Bongnim hakuwa amejitazama hapo hata mara moja. Ameshika miili ya wanawake wa mji mzima, waume zao wanawajua kidogo kuliko anavyowajua yeye, lakini wa kwake alionyeshwa na mtu baki. Ngozi yake ilikuwa nyeupe vilevile, na katikati ya weupe palikuwa na kidonda.

"Umelala?" Bibi Gwak aliuliza. "Sugua, maji yanapoa."

Bongnim akasugua. Alipita juu kidogo, akapita chini kidogo, akaruka pale katikati.

Wasuguaji wana kanuni yao, na aliyewafundisha wote waliopita bafu lile ni yeye Bongnim. Mwosha haoni. Kovu la kisu, titi lililokatwa, alama za mkanda wa mume, mimba ya msichana ambayo mama yake haijui: unasugua, unapita. Ukitamka neno moja, mteja harudi, na asiporudi mteja, mwenye bafu hana haja nawe, maana hakukuajiri, amekuazima kitanda tu. Kanuni nzuri. Bongnim alijivunia. Hakuna siri iliyowahi kutoka kwenye kitanda chake.

Ila siku hizi kumi alikuwa anamkumbuka muuza tofu. Miaka sita iliyopita mwanamke yule alikuwa na kijiuvimbe huko chini, kigumu, kikubwa kama punje ya soya, na Bongnim alikizunguka kwa kitambaa chake majira yote ya baridi kwa adabu, asimuumize. Mwezi wa tatu yule mama hakuja. Wa tano likaja tangazo la msiba. Bongnim akavaa nyeusi, akapeleka bahasha nyeupe ya rambirambi, akala supu ya matanga, akasema maskini, alikuwa mtu mzuri. Hakuwaza kitu kingine chochote.

Alimmalizia Bibi Gwak kwa maziwa na tango la kusaga usoni. "Una mkono mwepesi leo," Bibi Gwak alisema huku akishuka. "Au goti linakusumbua? Pita dukani nikupe mizizi uchemshe."

"Nitapita, dada mkubwa."

Saa nne alimwachia Deokhi wateja. Deokhi ndiye msuguaji wa pili, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mnene, mcheshi, aliyefundishwa kazi na Bongnim mwenyewe.

"Unakwenda wapi umevaa koti la harusini?"

"Hospitali kubwa. Goti."

Deokhi alimtazama kuanzia kiunoni mpaka magotini. "Haya dada, lione vizuri hilo goti," akasema, akarudi kwenye mvuke.

Ndani ya basi Bongnim alikaa kwa tako moja, safari nzima ya saa moja na dakika kumi. Alikuwa na muda wa kujitukana. Miaka minne ya kuwashwa, na mtu mzima na akili zake akajiambia ni ugonjwa wa kazi. Kwani nani asiyewashwa bafuni? Ukikaa na chupi mbichi saa kumi na mbili kwa siku utawashwa, hilo hata mtoto anajua. Wasuguaji walikuwa na dawa yao ya fangasi, mrija mmoja katika kabati la taulo, kila mtu anachota kwa kijiti chake, wanacheka, wanasema hii ndiyo pensheni yetu. Bongnim alipaka miaka minne. Mrija ukiisha ananunua mwingine.

Na vipimo alikwenda, asije mtu akasema hakwenda. Serikali ilimwita kila baada ya miaka miwili, bure, na kila mara alipanda kile kiti, akaweka miguu juu ya vyuma, akavutiwa pazia kiunoni asimwone daktari wala daktari asimwone uso. Kitu baridi kiliingia, kikatoka. Dakika mbili. Mwaka juzi alikuwa amejiandaa kusema, na hapa nje panawasha. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Upande wa pili wa pazia sauti ya mwanamume ikasema, "Tayari, vaa. Anayefuata." Akavaa. Barua ikaja nyumbani: kawaida. Akaiweka kwenye droo pamoja na ile ya kipimo cha nyuma yake, na kila alipojikuna usiku alijikumbusha kwamba serikali imeandika kawaida.

Mwaka jana mwishoni pakaota kitu kigumu. Baridi ilipoingia kikachanika, kikawa kinatoa damu, na alipokwenda haja ndogo aliuma kitambaa kwa meno.

Hospitalini alisubiri chini ya televisheni mpaka saa nane na robo. Wanawake waliomzunguka walikuwa na matumbo yao ya mimba, na waume wao walishika mikoba. Yeye alikuwa peke yake na aliona kila mtu anajua amekuja kuonyesha nini. Walimwita kwa jina zima, kwa sauti, "Pyo Bongnim," naye akainuka haraka kama mwizi aliyeitwa na askari.

Daktari Seol alikuwa kijana kuliko mwanawe. Kabla ya kusema lolote alitaka kugusa tezi za kinena. Bongnim alipanda kitandani, akabana mapaja, yakagoma kufunguka. Muuguzi, mama mmoja wa makamo, akamwinamia.

"Mficha uchi hazai, mama. Legeza."

"Nimeshazaa," Bongnim alisema. "Ndiyo maana naona haya. Huyu ni rika la mwanangu."

Muuguzi alicheka kidogo, na mapaja yakalegea.

"Majibu ya kile kinyama tulichokata yametoka," Daktari Seol alisema baadaye, wakiwa wamekaa. Hakuzunguka. "Ni saratani, mama. Saratani ya mashavu ya uke. Nikigusa kinena sisikii uvimbe, na picha ni safi, hiyo ni habari njema. Alhamisi tutakata sehemu yenye ugonjwa na pembeni yake kidogo. Tutatoa na tezi moja mbili za kinena, zile za mwanzo, tuone kama ugonjwa umefika huko. Kama umefika, tutaongeza mionzi. Kama haujafika, huenda kisu kikatosha."

Bongnim alitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya miaka ishirini na sita.

"Ulianza kuwashwa lini?"

"Miaka minne."

"Na hakuna aliyekutazama?"

"Nimepimwa mara mbili. Karatasi inasema kawaida."

Daktari alishusha pumzi. "Walipima mlango wa kizazi, ndani. Hiki kiko nje kabisa, mahali ambapo mtu akitupa jicho tu anakiona. Ile ngozi nyeupe ndiyo ilianza. Si saratani, ni ugonjwa wa ngozi, una dawa yake ya kupaka, siyo ya fangasi. Mtu akiwahi, akapaka na kuangaliwa, mara nyingi hafiki huku. Wanaotufikia wengi ni rika lako na zaidi. Wote wanasema waliona haya."

"Kwa hiyo nilihitaji mrija wa dawa tofauti tu," Bongnim alisema.

"Mara nyingi, ndiyo."

Alitaka ardhi ipasuke immeze. Si kwa ajili ya kisu. Alikuwa anaona goti la Bibi Gwak mkononi mwake, asubuhi ileile, na kitambaa chake kikiruka pale katikati.

Kwenye dirisha la kulaza wagonjwa kijana wa miwani alimpa fomu. Bongnim akasaini kila palipoandikwa jina lake. Mstari wa mwisho uliandikwa Msimamizi wa mgonjwa, na chini yake Uhusiano. Akasaini na hapo.

"Hapana, mama, umeiharibu," kijana alisema, akaipasua katikati na kumpa nyingine. "Hapo anasaini msimamizi wako. Mume."

"Amekufa."

"Mtoto basi. Ndugu wa damu."

"Mwili ni wangu. Mimi nimekubali. Nimesaini mara tatu."

"Najua. Ila bila msimamizi hatukulazi."

"Ni sheria?"

Kijana alisita. "Si sheria hasa. Ni utaratibu."

"Ninaye mwenzangu wa kazini. Tunafanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja."

"Mwenzako wa kazini si mtu wako, mama. Nafasi ya Alhamisi naishikilia mpaka saa kumi na moja. Ikipita hapo anapewa aliye kwenye orodha, na wewe unakwenda mwezi ujao, tarehe ishirini huko. Kama mtoto yuko mbali, nipe namba yake, nitamtumia fomu kwenye simu asaini humo humo."

Mwanawe, Sangu, alikuwa Incheon, anapeleka vifurushi milangoni mwa watu. Bongnim alitoka akaenda kwenye ngazi za dharura, ambako hapakuwa na mtu, akapiga. Simu ilipokewa na mtu anayehema.

"Mama. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nitakula. Nipo ghorofa ya sita, lifti imekufa. Kuna nini? Wewe hupigi mchana."

"Hamna kitu. Kuna karatasi utatumiwa, uisaini. Hospitali. Kitu kidogo cha tumbo."

Kuhema kulikoma. "Tumbo lipi?"

"La chini."

"Mama, la chini ndiyo nini? Kidole tumbo?"

Mwanamke huyu alikuwa amemzaa mtu huyu. Alimtoa hapohapo panapouma, masaa kumi na tisa, na sasa hakuwa na neno la kumwambia ni wapi. Alilitafuta. Daktari alilitamka bila shida, lakini daktari si mtoto wake. Maneno mengine yote aliyoyajua ni ya kutukania.

"We saini tu, Sangu. Uvimbe. Wanautoa Alhamisi."

"Haya. Itume. Nakimbia, mama, wananihesabia dakika hapa."

Alirudi dirishani. "Kijana," akasema kwa sauti ya chini, akiwa ameinamia tundu la kioo, "hiyo fomu utakayompelekea, pale palipoandikwa ugonjwa, andika uvimbe wa tumbo."

"Siwezi kubadilisha jina la ugonjwa, mama."

"Ni mwanamume. Ni mwanangu."

"Siwezi. Nitume au nisitume?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika watu sita. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Bongnim alimpigia tena Sangu ili walau yeye awe wa kwanza kumwambia. Simu ililia mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata.

"Tuma," akasema.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, simu juu ya mapaja, uso chini. Sasa inafunguka. Sasa anasoma. Anasoma akiwa kwenye ngazi za watu, na boksi la mtu begani, kuhusu sehemu ile ya mama yake. Saa kumi na nusu. Saa kumi na dakika arobaini. Hakuogopa kwamba hatasaini. Aliogopa kwamba atasoma. Saa kumi na dakika hamsini na moja kijana wa miwani aliinua kichwa na kumwonyesha dole gumba. Dakika moja baadaye simu yake ikatetemeka.

Nimesaini, Sangu aliandika. Alhamisi nitakuja. Mama, umekula kweli?

Bongnim alilia pale pale, chini ya televisheni, kwa aibu na kwa kitu kingine ambacho hakukipa jina. Ile fomu ya karatasi, tupu, ilikuwa bado mkononi mwake. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa koti.

Saa kumi na mbili na nusu jioni alikuwa bafuni tena. Mama Ryu, mwenye bafu, alikuwa kwenye kaunta anahesabu taulo. Bongnim alimwambia moja kwa moja, kwa sababu alikuwa amechoka kutafuta maneno. Saratani. Huko chini. Wiki tatu mpaka nne bila kazi, pengine zaidi.

Mama Ryu aliangalia kulia, akaangalia kushoto. "Punguza sauti." Akatoka nyuma ya kaunta, akamshika kiwiko. "Pole sana, Bongnim. Lakini usimwambie mtu. Sema goti. Wateja wenyewe wamepungua tangu bei ipande. Wakisikia msuguaji ana kitu kama hicho, na ameingia kwenye maji yao, wataoga wapi? Watahama wote."

"Haiambukizi."

"Mimi najua. Wao wanajua?" Alimpapasa mkono. "Na kitanda... unaelewa. Kitanda hakiwezi kukaa wiki nne bila mtu. Nitatafuta mtu. Ukipona tutazungumza."

Miaka ishirini na sita ilitoshea ndani ya neno tutazungumza. Bongnim alichukua beseni lake, vitambaa vyake vitatu, kigoda chake. Deokhi alimfuata mpaka kwenye kabati la taulo, maji yakimchuruzika, akasimama amejishika kifua.

"Si goti," Deokhi alisema.

"Ulijua?"

Wasuguaji husuguana wenyewe kwa wenyewe kila mwisho wa mwezi, baada ya kufunga. Wawili hao walikuwa wamefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Deokhi alitazama sakafu.

"Niliona ngozi nyeupe mwaka juzi. Mwaka jana nikaona kile kigumu."

"Na hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha, dada."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Bongnim alisimama na beseni lake mkononi, na ile kanuni nzuri, aliyoifundisha kwa majivuno kwa wasichana tisa, ikamrudia nzima nzima. Wahenga walisema mwosha huoshwa. Hakuwa na haki ya kumkasirikia Deokhi hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma.

"Leo usiku jitazame," alimwambia. "Chukua kioo. Na ule mrija utupe."

Duka la Bibi Gwak lilikuwa linafungwa. Harufu ya mizizi mikavu ilijaa mpaka barabarani. Bibi Gwak alimwona na beseni, akadhani amefuata dawa ya goti, akaanza kupima mizizi kwenye karatasi.

"Dada mkubwa, weka chini. Nina neno."

"Sema, mikono inapima, masikio yanasikia."

"Huko chini kwako," Bongnim alisema, na uso wake ukawaka moto mpaka masikioni, "ngozi imekuwa nyeupe. Inakuwasha usiku. Si uzee na si fangasi. Uende kwa daktari, umwonyeshe kwa nje, umwambie atazame. Ina dawa ya kupaka. Ukichelewa inaweza kuwa saratani. Mimi nimechelewa. Alhamisi nakatwa."

Mizani ilibaki inacheza. Uso wa Bibi Gwak ulifanya wekundu, kisha ukafanya kijivu.

"Unanichungulia," akasema.

"Nakusugua. Naona."

"Miaka kumi na minane nalala pale kama mtoto. Nilijua huoni." Alikaa juu ya gunia. Kisha akainua macho. "Umeiona lini?"

Bongnim angeweza kusema leo. Lilikuwa jibu rahisi, na hakuna wa kumpinga.

"Mwaka jana. Kabla ya sikukuu ya mavuno."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Na leo asubuhi pia, nikijua."

"Nenda zako."

Bongnim aliinamisha kichwa. Alichukua beseni lake na kugeuka. Alikuwa amefika kizingitini aliposikia nyuma yake sauti ndogo, si ile aliyoizoea.

"Inawasha mpaka nakaa kwenye maji ya baridi. Nikadhani nimelaaniwa, mjane mzima nawashwa hapo." Akapangusa mikono kwenye sketi. "Na wewe nani alikusainia? Marehemu mume wangu alipokatwa, walitaka mtu wa kusaini."

"Mwanangu."

"Haya. Una mwana. Mimi nikienda, wakaona, wakasema nikatwe, nani atanisainia? Niwape gunia hili lisaini?"

Bongnim alirudi. Aliweka beseni sakafuni, akatoa mfukoni ile fomu tupu, akaikunjua mara nne juu ya meza ya mizani na kuilainisha kwa kiganja, kama anavyopangusa kitanda. Aliomba kalamu. Bibi Gwak akampa ile ya kuandikia bei.

"Hawatakukubali," Bibi Gwak alisema. "Wewe si mtu wangu."

"Najua hawatakubali. Wataipasua. Nitaandika nyingine."

Kwenye mstari wa msimamizi wa mgonjwa aliandika Pyo Bongnim, herufi kubwa, polepole, vidole vikiwa bado na mikunjo. Chini yake, palipoandikwa Uhusiano, alifikiri kidogo. Kisha akaandika: Msuguaji wake.